Shule ya Somoe Tutaitafuta Tukifika

Katika arobaini ya baba, pale Bungu, baba mkubwa alishika kipaza sauti akasema mbele ya jamaa wote waliokaa majamvini: "Marehemu Baba Somoe aliona mbali. Sisi tunahangaika na mpunga, yeye kawavusha watoto wake wote mpaka Botswana, kawasomesha shule za kimataifa." Wote! Mimi nilikuwa uani na wanawake wenzangu, nimebeba sinia la pilau, na nusura nilitupe. Watoto wake wote ni wawili. Mmoja ni mimi, Sikudhani, mwalimu mstaafu, mwenye magoti mabovu na mdomo usiolala. Mwingine, ambaye ndiye aliyenitangulia kuzaliwa, ni huyo Somoe ambaye baba aliitwa kwa jina lake mpaka kaburini. Na wakati sifa zile zinapigwa, Somoe alikuwa hatua chache nyuma yangu, kainamia sufuria la shughuli, anapakua. Hakusikia kitu. Somoe hajasikia neno tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa mdogo, na shule ya kimataifa aliyosoma yeye siijui, labda ile ya moshi wa kuni. Watu majamvini wakaitikia, "Allah amrehemu," wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Shangazi mmoja akanibana mkono akaninong'oneza, "Siku, nyamaza, maiti hasemwi." Mimi nikamwambia, "Maiti simsemi, nawasema walio hai." Lakini sinia nilipeleka, kwa sababu wageni walikuwa na njaa, na tangu siku ile sina raha mpaka niuseme mwaka ule wote wa safari ya Botswana, tangu ulipoanza mpaka ulipoishia.

Tulikuwa tunakaa Mchukwi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali, kwa kuwa baba alifanya kazi maabara. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule yenye viti vya mbao, kila kiti kimefunikwa kitambaa alichofuma mama, na dirisha la sebule lilitazama jiko letu la nje lililoezekwa makuti. Dirisha lile ndilo lililonifundisha mambo ya wakubwa. Mimi na Somoe tulikaa chini yake tukikuna nazi au kumenya muhogo. Mimi nasikiliza, yeye ananitazama, na nililolisikia nikimpa kwa mikono. Tulikuwa na lugha yetu ambayo hakuna aliyetufundisha. Ngumi kwenye jicho moja ilikuwa baba, kwa sababu tuliwahi kumwona kazini kainamia darubini. Kushika ndewe ya sikio ilikuwa mama, mpenda hereni. Kubana pua ilikuwa mimi, na sababu yake naomba msiniulize. Kidole kinachoandika juu ya kiganja kilikuwa shule. Na kulikuwa na ishara moja aliyoitumia kuliko zote: kiganja kifuani, kisha mikono yote miwili wazi, macho yanatafuta kulia na kushoto. Hiyo ilikuwa "Mimi wapi?" Akiona watu wanagawa nguo za Idi, kiganja kifuani. Akiona sahani zinapangwa, kiganja kifuani. Hakuwa mtoto wa kuachwa nyuma, na ukoko wa wali ulipokwanguliwa alihakikisha wake upo ndipo akanipa nusu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, yeye kumi na tatu.

Mwezi wa Desemba akaja Bwana Mapunda. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Songea, aliyewahi kufundisha Kibiti kabla ya kwenda Botswana, na ndiye aliyemtafutia baba kazi katika hospitali moja ya huko. Alikuja likizo amevaa koti zito katika joto letu, jasho linamtiririka kidevuni, na koti halivui ng'o. Mama alipika wali wa nazi, kambale mkavu wa tui na kisamvu. Walipokwisha kunawa, Bwana Mapunda akajisogeza kitini akasema, "Sasa, Baba Somoe, tuzungumze shule. Nyumba utapewa, mshahara unaujua. Lakini ugenini mtoto ni shule. Ukikosea shule, umekosea safari nzima." Mimi chini ya dirisha nikaandika kiganjani kumwonyesha Somoe wanazungumza nini, naye akaweka mbuzi ya nazi pembeni akasogea karibu.

Walizungumza jioni ile na jioni nyingine kadhaa, na mimi nikilikumbuka zungumzo lile napandwa na hasira mpaka leo, kwa sababu halikuwa zungumzo la kijinga. Lilikuwa la watu makini wanaompenda mtoto. Shule ya kwanza ilikuwa ya masista; baba akauliza kama watanilazimisha kusali, Bwana Mapunda akajibu kwamba hawalazimishi, ila mtoto hujikuta mwenyewe anaimba. Ikaachwa. Ya pili ilikuwa na bwawa la kuogelea, mama akauliza kutokea mlangoni, "Na wakiogelea wanavaa nini?" Bwana Mapunda akakohoa. Ikaachwa. Ya tatu ilikuwa ya bweni, na jikoni mwao hupikwa nguruwe. Hapo baba mkubwa, aliyekuwa ametoka Bungu na kilo ya sukari kuja kutoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba, alisema "Astaghfirullah!" kwa sauti ya kuamsha wagonjwa wodini. Ikaachwa. Ikabaki ya kutwa, karibu na hospitali, watoto wa mataifa mbalimbali, sketi ya kijivu na tai. Juu ya tai tu waliongea mpaka chai ya mchaichai ikapoa: je, tai ni alama ya dini, ni ya kiume, mtoto wa kike akiivaa atachekwa? Haya bwana! Tai ilipata wa kuitetea. Nguruwe alipata wa kumlaani. Bwawa lilijadiliwa na maji yake. Jina la Somoe halikutajwa, isipokuwa kila walipomwita baba.

Siku moja Bwana Mapunda akasema, "Mleteni mtoto nimsikie Kiingereza chake." Nikaitwa. Somoe aliponiona nanawa uso, naye akanawa. Aliingia chumbani akatoka na sare yangu kuukuu iliyombana mabegani, akaja kusimama ubavuni mwangu sebuleni, mikono nyuma, kama alivyoona watoto wanavyosimama mbele ya darasa. Maana Somoe darasani alikuwa anaingia. Mwalimu Matilda, mama mmoja wa Kilimanjaro aliyekuwa akinifundisha, alikuwa amemruhusu akae nami dawati moja, na kila kilichoandikwa ubaoni Somoe alikiandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Mimi nikasoma ukurasa wangu kwa kigugumizi, Bwana Mapunda akasema si haba. Kisha akamtazama Somoe. "Na huyu je?" Baba akajikuna shingo. "Huyu ni wa nyumbani," akasema. Wa nyumbani! Namna unavyomsema binamu aliyekuja kusaidia kufua. Somoe hakujua kilichosemwa. Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akapiga magoti, akaandika SOMOE kwenye sakafu ya saruji, herufi zimenyooka, akainuka, akaweka kiganja kifuani, akafungua mikono. Bwana Mapunda, nisimdhulumu, aliuliza vizuri tu, "Anasemaje?" Nikamjibu, "Anauliza, mimi wapi?" Mama alikuwa mlangoni ameshika kawa la kufunikia chakula, hakusogea. Ndipo baba aliponiambia maneno ambayo yalikuja kuwa wimbo wa nyumba yetu: "Mwambie shule yake tutaitafuta tukifika." Nikamwambia. Ngumi jichoni, kidole kiganjani, mbali kule, wewe. Somoe alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, kisha akaenda kumbusu mama mkono, na mama akaugeuza uso.

Mwalimu Matilda alipozisikia habari za safari alikuja mwenyewe, jioni baada ya vipindi, amebeba ndizi. Kwa bahati mbaya baba mkubwa alikuwepo. Mwalimu akasema bila kuzunguka, "Baba Somoe, nimekuja kwa ajili ya huyu mkubwa. Shule za watoto wasiosikia zipo. Hata Dar es Salaam ipo, nimefika mwenyewe. Huko uendako ulizia kabla hujafika, nafasi zinawahi kujaa." Baba akamshukuru sana, akamkaribisha chai. Baba mkubwa ndiye aliyejibu. "Mwalimu, wewe mgeni, hujui mambo yetu. Mama yetu yuko Ruaruke peke yake, mtu mzima. Mtoto wake akihama mbali, humwachia mjukuu wa kumtekea maji na kumliwaza. Ndiyo desturi. Siku ana akili, aende. Somoe ana nguvu, abaki kwa bibi yake." Mama akasema, "Shemeji, Somoe naye ana akili." "Sikatai, Mama Somoe. Lakini akili isiyosikia unaisomeshaje?" Mwalimu Matilda akasema, "Kwa macho, mzee. Na kwa mikono. Kama hivyo wanavyoongea hao wawili hapo nje," na sote wawili tukainamisha vichwa chini ya dirisha. Baba mkubwa akacheka kile kicheko chake cha kufunga baraza. Baba akasema, "Tutaitafuta tukifika, Mwalimu, usiwe na wasiwasi."

Desturi ile siitukani, na mtu asinisingizie. Wajukuu wengi huku kwetu wamelelewa na bibi zao hivyo, wakarithi kusuka ukili, hadithi na shamba. Lakini mjukuu wa bibi huambiwa. Huvalishwa kanga mpya, hupelekwa na mama yake mchana kweupe, hukabidhiwa mkono kwa mkono, na watu hula wali siku hiyo. Hafichwi, hadanganywi. Kama wangemkalisha Somoe chini wakanituma mimi nimwambie, angelia, angekasirika, labda angenipiga hata mimi, lakini angejua. Walichofanya wao ni kuchukua desturi nzuri ya watu wakaifunikia aibu yao, kama unavyofunika chungu chenye mkate uliochacha.

Kilimo cha bibi kilikuwa bondeni. Mpunga ukianza kutoa mashuke, watu wa kwetu huhama vijijini wakaenda kukaa madunguni, vibanda vya juu ya nguzo katikati ya mashamba, unapanda kwa ngazi ya miti, ili kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasimalize mpunga. Ni kazi ya kutwa nzima, jua likichomoza mpaka lizame. Mwaka ule tulipelekwa sote wawili, na sikuona ajabu, kwani tulikwenda kila mwaka. Mimi nilikuwa na kombeo na madonge ya udongo, bibi alivuta kamba iliyofungwa makopo, na Somoe alikuwa na sauti yake. Sauti ile siwezi kuiandika. Haikuwa na neno ndani, ilianzia tumboni, ikapanda, ikapasuka juu, na ndege waliinuka si kwetu tu, bali hata mashamba ya jirani. Bi Zena, aliyekuwa dungu la pili kutoka kwetu, alikuwa akilala usingizi mchana kwa kumtegemea yeye. Siku moja alikuja kuomba chumvi akakuta tunakula bada, ugali wetu wa muhogo, na perege wa kuchoma, akamwambia bibi, "Hivi nyie huyu ndiye mnayemwita bubu? Bubu gani ananifukuzia ndege mpaka kwangu? Mkimchoka nipeni mimi, namchukua na ngazi yake." Bibi akacheka mpaka tambuu ikamtoka. Nikampa Somoe habari ile kwa mikono, akavimba kichwa siku nzima, akawa anapiga kelele hata pasipo na ndege.

Baba alikuja kwa baiskeli mpunga ukiwa umekaribia kukomaa. Alimletea bibi sukari na majani ya chai, akazungumza naye pembeni, bibi akawa anatazama chini. Kisha akaniita. "Siku, panda. Safari ina chanjo zake, twende hospitali ukachanjwe. Kesho kutwa nakurudisha." Nikapanda kwenye keria na nguo zangu za shamba, hata kombeo sikuliweka chini. Somoe akateremka ngazi mbiombio, matope mpaka magotini, akasimama mbele ya baiskeli. Kiganja kifuani. Mikono wazi. Nami nikasema, "Baba, anauliza na yeye je?" Baba, ambaye kwa miaka yote ya mtoto yule hakujifunza ishara yake hata moja zaidi ya njoo na nenda, alinyanyua mkono akamwonyesha mashamba. Ndege walikuwa wameshuka upande wa magharibi. Somoe akageuka, akawaona, akakimbilia dunguni, kwa sababu kazi ni kazi na mpunga ule ulikuwa wa bibi. Tulipokuwa tunaondoka niliisikia sauti yake nyuma yetu, ikipanda na kupasuka, na niliendelea kuisikia mpaka njia ilipoingia minazini. Nilichanjwa kweli, hilo hakudanganya. Ila kesho kutwa haikuwa ya kurudi shambani. Ilikuwa ya kupanda gari kwenda Dar es Salaam, na nilipolia kwamba Somoe hajui, nikaambiwa nisilete nuksi safarini, na kwamba shule yake tutaitafuta tukifika.

Tulifika. Shule yangu ilikuwa nzuri, sitakufuru. Nilivaa sketi ya kijivu na ile tai maarufu, nikajifunza kuifunga na kuifungua, na hakuna aliyenicheka ila mimi mwenyewe kwenye kioo. Nyumba ilikuwa na bomba la maji ya moto na jiko la umeme ambalo mama aliliogopa. Lakini kitu cha ajabu kilianza siku ileile ya kwanza. Wake za Watanzania wenzetu walipokuja kutukaribisha, Bwana Mapunda alimtambulisha mama kwao: "Huyu ndiye Mama Siku." Mama hakugeuka. Ikabidi aitwe tena. Mama Siku! Mama wa watu akapewa jina jipya sebuleni kwake, na yule aliyemfanya aitwe mama akafutwa kwa neno moja, juisi inamiminwa, biskuti zinapita. Nikamtazama baba. Baba alikuwa anachunguza biskuti. Kila Ijumaa wakati wa chakula niliuliza, "Baba, shule ya Somoe umeitafuta?" na kila Ijumaa akajibu kwamba kazi bado ngeni, ngoja kwanza, mambo hayaendi hivyo. Nilikuwa mtoto, nikangoja.

Halafu siku moja mama akanituma mkate kwenye duka la kona. Nje ya duka walikuwa wamesimama watoto wenye masweta ya kijani, wavulana kwa wasichana, wananunua barafu, na walikuwa wakigombana bila sauti. Mikono inaruka! Inakata, inapinda, inagonga viganja, na mmoja kakunja uso hasa, mwingine anacheka mpaka machozi. Nilisimama nimeduwaa, pesa ya mkate mkononi. Ishara zao sikuzijua hata moja. Lakini nilijua kabisa naangalia nini. Msichana mmoja wa umri wa Somoe aliniona ninavyokodoa macho, akaniuliza kitu kwa kidevu. Sikuwa na la kumjibu ila lile ninalolijua. Nikaandika na kidole kiganjani, nikafungua mikono: shule, wapi? Akanielewa mara moja, hakuhitaji mkalimani. Akanyoosha mkono, na mwisho wa barabara ileile ya nyumbani kwetu nikaona geti la kijani. Ungeweza kwenda na kurudi chai haijapoa. Miezi yote ile nilikuwa nikilipita nyuma ya kioo cha gari, nikidhani ni kiwanda.

Nilirudi mbio bila mkate. "Mama, ipo! Shule ya Somoe ipo hapo!" Mama alikuwa anakunja nguo. Akaliacha shuka likaanguka. Ilikuwa Jumamosi mchana, baba yupo chumbani, na mama akaingia akafunga mlango; mimi nikakaa ukumbini, kazi yangu ya siku zote, ila safari hii sikuwa na wa kumpa nilichosikia. Mama akasema shule ipo, ni hapohapo, twende Jumatatu tukaulize. Baba akasema muhula umeshaanza. Mama akasema basi muhula ujao. Baba akasema, sauti imeshuka: "Mama Somoe, mimi nilikwishawaambia nina mtoto mmoja." "Uliwaambia nani?" "Wote. Kazini, majirani. Mapunda alisema ukitaja mtoto mwenye kasoro wanaogopa gharama za matibabu, kazi wanampa mwingine. Sasa nikamlete wa pili niseme nimemwokota wapi?" Mama akasema, "Useme ulidanganya." "Nifukuzwe?" "Tufukuzwe! Turudi kwetu tukale bada!" Nikasikia kitanda kinalia, mtu ameketi. Na jambo ambalo limenikaa kooni mpaka leo ni kwamba hata akiwa katikati ya kumkana alimwita mama kwa jina lake la haki, Mama Somoe, ulimi ukakataa jingine.

Muhula ule ukapita na uliofuata ukapita. Mama aliacha kuuliza kwa mdomo, akawa anauliza kwa kutokuvaa hereni, hakuzivaa tena. Huko nyumbani, nilikuja kusimuliwa na bibi miaka mingi baadaye, mpunga ulipokwisha kuvunwa Somoe alifunga nguo zake kwenye kanga, na chaki yake, akamvuta bibi mkono mpaka Mchukwi. Kwenye nyumba yetu akafungua mwanamke mgeni, mke wa bwana maabara mpya. Somoe alimpita, akaingia ndani, akatazama chumba hadi chumba, akatoka akalizunguka jiko, akarudi mbele ya yule mwanamke, akaweka kiganja kifuani. Mwanamke yule akafikiri anaumwa kifua, akampeleka hospitali. Hospitali! Wakampa vidonge. Mwalimu Matilda ndiye angemwelewa, lakini alikuwa keshahamishwa. Hapo ndipo mwaka wangu unapoishia. Niliouanza nikiwa na dada na lugha, niliumaliza nina tai na Kiingereza, na wapo watu hadi leo wanaotaka nishukuru kwa badiliko hilo.

Mtu asiniambie zamani zile ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu Matilda aliishi zamani hizohizo na alijua. Bi Zena hakwenda shule hata siku moja na alijua kwamba yule si bubu. Asiyejua maana haambiwi maana, sawa, lakini hawa waliambiwa, tena sebuleni kwao, na mtu aliyekuja na ndizi. Baba nilimpenda, nimemwogesha alipokuwa hawezi, na hasira yangu haikupungua kwa sababu nilimwogesha. Tuliporudi nyumbani, alipokuwa kitandani, alikuwa akimtaka Somoe ndiye amlishe, kwa kuwa mimi kijiko nakitia haraka. Somoe akamlisha. Alikuwa amemlisha na kumtekea maji baba mkubwa pia, maana bibi alipofariki ndiye aliyemchukua Bungu, akampa chumba cha uani, na tangu wakati huo Somoe ndiye mpishi wa nyumba na wa shughuli za mtaa mzima. Masufuria makubwa ya kukodisha pale Bungu yote ni yake, na kila moja limechorwa kwa msumari herufi zilizonyooka: SOMOE. Hilo ndilo darasa alilofika.

Basi siku ya arobaini, nilipolipeleka sinia na kurudi uani, nilimkuta kasimama wima, upawa mkononi, ananitazama usoni. Hajawahi kukosea kuusoma uso wangu. Akainua kidevu: nini? Nikamwambia si kitu. Akaninasa kofi la bega, kwa kuwa uongo anaujua. Nikampa, basi. Ngumi jichoni. Mimi, wewe, sote wawili. Mbali kule. Kidole kiganjani. Ndivyo anavyosema baba mkubwa. Alinitazama, akanitaka nirudie, nikarudia. Akauweka upawa juu ya mfuniko taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga, akaondoka uani akielekea barazani kwa wanaume. Wanawake wakapiga kelele, "Somoe, we! Huko wamekaa wanaume!" kana kwamba anasikia. Mimi nikamfuata na magoti yangu haya.

Baba mkubwa alikuwa bado anawashukuru waliotoka mbali. Somoe akapita katikati ya majamvi, watu wakavuta miguu, akaenda kusimama mbele yake kabisa, karibu ya kipaza sauti. Akaweka kiganja kifuani. Akafungua mikono yote miwili, akatazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama yeye. Baba mkubwa akatabasamu lile tabasamu la kumpa mtoto peremende, akampungia arudi jikoni. Somoe hakuondoka. Akarudia, kiganja kifuani, na safari hii na sauti yake ikatoka, ileile ya dunguni, ikaingia kwenye kipaza sauti ikatokea kwenye maspika yaliyotundikwa barazani, mpaka wauza korosho wa barabarani wakageuka na maalimu akafunga kitabu. Miaka yote ile mzee huyu amekula mkononi mwa Somoe, wamelala ukuta mmoja, wamezika pamoja bibi na baba. Baba mkubwa akanitafuta kwa macho, akanigeukia, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, na Bungu nzima ikamsikia akiuliza:

"Anasemaje?"